Je, Wajua? Sheria Inapopiga Hodi Nyumbani

Akina mama wa Dar es Salaam wana kauli moja fupi ambayo baba anayekwepa matunzo huielewa upesi: "Nitakupeleka ustawi." Hapo haijatajwa mahakama wala polisi. Ustawi ni ofisi ya afisa ustawi wa jamii, mara nyingi chumba kimoja katika majengo ya halmashauri, benchi likiwa nje na mafaili yamerundikana ndani. Anayekaa nyuma ya meza ile si hakimu na hana pingu, lakini ana sheria, na sheria hiyo humruhusu kuuliza maswali ambayo hata jirani wa miaka ishirini asingethubutu kuyauliza. Nimekusanya hapa mambo machache kuhusu sheria ya namna hiyo, ya kwetu na ya kwingineko, maana wengi tunaifahamu ofisi ile siku ya shida tu, tena bila kujua inaruhusiwa nini na inakatazwa nini.

Je, wajua kuwa Tanzania Bara kuna mahakama ambayo haipaswi kusikiliza shauri bila afisa ustawi kuwapo? Ni Mahakama ya Watoto. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inataka mwenendo wake uwe wa faragha, usiwe na vitisho vya kimahakama, na uendeshwe kwa kuuliza na kutafuta ukweli badala ya mawakili kuvutana mbele ya mtoto. Mzazi au mlezi awepo. Afisa ustawi awepo. Mtoto naye ana haki ya kueleza yaliyomkuta na kutoa maoni yake. Kikao kinatakiwa kiwe katika jengo au chumba kingine, mbali na pale wanaposhtakiwa watu wazima. Jijini Dar es Salaam mahakama ya namna hiyo ipo Kisutu.

Lakini kazi nzito ya afisa hufanyika kabla ya siku ya shauri. Hakimu anaweza kuagiza aletewe taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na hapo ndipo afisa anapopanda daladala kwenda kwenye nyumba inayozungumzwa. Anauliza mtoto analala wapi na nani, nani humpikia, nani humpeleka shule, baba hurudi saa ngapi na katika hali gani, bibi ana nguvu kiasi gani. Anamsikiliza mjumbe, mwalimu, mpangaji wa chumba cha pili. Hakimu haendi Mbagala kuona godoro la mtoto. Anakwenda afisa, na atakaporudi, kurasa zake mbili tatu ndizo zitakuwa macho ya mahakama. Kila nikiliwaza hili naona jinsi kalamu ya mtu mmoja aliyechoka, mwenye watoto wengi wa kuwafuatilia na nauli ya mashaka, ilivyobebeshwa mzigo mkubwa.

Mwongozo wa kalamu hiyo ni maneno matatu: maslahi bora ya mtoto. Kifungu cha 4 kinasema ndiyo yatakayotangulizwa katika kila hatua inayomhusu mtoto, iwe inachukuliwa na ofisi ya umma au ya binafsi. Afisa hatakiwi kuuliza mama na baba nani ana haki kumshinda mwenzake. Anatakiwa kuuliza mtoto atakuwa salama wapi.

Kenya nako, Sheria ya Watoto ya 2001 iligusa mpaka msamiati: mtoto aliye mbele ya Mahakama ya Watoto haikuruhusiwa kutumia juu yake maneno ya "kutiwa hatiani" na "hukumu". Waliotunga kifungu hicho walijua jina linavyoweza kumganda mtu hadi uzeeni.

Je, wajua kuwa ukijua mtoto fulani anateswa, kunyamaza kwako ni kukiuka wajibu uliowekwa na sheria? Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo hamlishi, hamvishi wala hampi matibabu, atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wa eneo lake. Sheria haikusema ndugu wa damu tu. Haikusema mwalimu au daktari tu. Muuza genge anayemuona mtoto akipita kila asubuhi na alama mpya mgongoni, naye yumo.

Hatua inayofuata huwashangaza wengi kwa upole wake. Afisa ustawi akipokea taarifa, anaweza kumwita anayelalamikiwa, wakakaa, wakazungumza, na uamuzi ukatolewa kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Akiukataa uamuzi huo ndipo suala linapokwenda mahakamani, na mahakama inaweza kumfunga mzazi kwa ahadi ya maandishi na dhamana ya fedha kwamba atamtunza mwanawe. Maana yake, watunga sheria walidhani wazazi wengi wanaokosea wanaweza kurudi kwenye mstari wakizungumziwa na mtu mwenye mamlaka. Nadhani walidhani sawa.

Ila kuna makosa ambayo mazungumzo hayo hayakuwekewa, na hapa pana kidonda chetu kikubwa. Mtoto anabakwa na mtu wa karibu, na kabla jua halijazama wazee wameshaitana. Kikao cha ukoo kinakaa, mbuzi anatajwa, fedha zinahesabiwa, mama anaambiwa asiivunje familia. Inaitwa kumalizana nyumbani. Jalada linabaki polisi bila shahidi, kwa sababu shahidi pekee amepelekwa kwa shangazi mkoani. Jinai ni shauri la Jamhuri, na familia haina uwezo kisheria wa kuisamehe kwa niaba ya mtoto. Afisa ustawi aliyepewa jalada kama hilo hujikuta anapambana na watu wanaompenda mtoto kweli, lakini wanaoipenda zaidi sifa ya nyumba. Hakuna kifungu kinachoweza kumfundisha jinsi ya kuingia sebuleni mle. Kinachoweza kufanywa na kifungu ni kumpa haki ya kutoondoka.

Namba ya simu ya kuripoti ni 116, Tanzania na Kenya pia. Haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kuna hadithi ambayo wanafunzi wa ustawi wa jamii husimuliwa karibu kila chuo duniani, ya msichana Mary Ellen Wilson wa New York. Mwaka 1874, akiwa na miaka kama kumi, aligunduliwa na mwanamke wa kanisa aliyekuwa akitembelea maskini, Etta Wheeler. Mtoto alikuwa akichapwa, akifungiwa ndani, na alikuwa na jeraha la mkasi usoni. Wheeler alihangaika ofisi hadi ofisi bila msaada, mwisho akamwendea Henry Bergh, aliyekuwa ameanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama miaka minane nyuma. Hadithi husema mtoto aliokolewa kwa sheria ya wanyama, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya watoto.

Je, wajua kuwa sivyo ilivyokuwa? Bergh alijitokeza kama raia wa kawaida, na wakili wake Elbridge Gerry akatumia amri ya kisheria ya kumtoa mtu anayezuiliwa isivyo halali. Sheria za kumwadhibu anayemtesa mtoto zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ingekuwa kuzitumia, mtu wa kupiga hodi. Mlezi wake alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na mwishoni mwa mwaka huohuo kikaundwa chama cha New York cha kuzuia ukatili kwa watoto. Mary Ellen mwenyewe aliolewa, akazaa, akalea na watoto wasio wake, na binti mmoja akampa jina la Etta. Alifariki mwaka 1956 akiwa na miaka 92. Mimi hupenda kumkumbuka hapo zaidi ya pale kwenye mkasi.

Je, wajua kuwa kwa miaka mingi baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa Tanzania hakuweza kuamriwa atoe zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi? Kiwango hicho kiliwekwa na sheria ya enzi ya mkoloni, wakati shilingi 100 zilikuwa fedha. Shilingi ikaporomoka, nauli ikapanda, unga ukapanda, kiwango kikabaki palepale kwenye karatasi. Afisa wa ustawi alikuwa akimuona mama na mtoto mgongoni, anajua bei ya maziwa sokoni, na sheria iliyo mkononi mwake inamwambia shilingi 100. Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo iliyoifuta. Sasa mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watoto wengine, na gharama za maisha za mahali anapoishi mtoto. Haitaji kiasi chochote.

"Mtoto akifika miaka saba ni wa baba." Kauli hii nimeisikia kwenye vibaraza, kwenye mabasi, hata kwa watu waliosoma. Kuna akina mama wanaoishi wakihesabu siku za kuzaliwa za watoto wao kwa hofu, kama mfungwa anayehesabu siku za kunyongwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikusema hivyo. Kifungu cha 125 kinasema ichukuliwe kuwa ni heri kwa mtoto wa chini ya miaka saba kukaa na mama yake, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Hakuna mstari unaosema siku mtoto anapotimiza miaka saba ahamie kwa baba. Baada ya umri huo mahakama hupima upya: ustawi wa mtoto kwanza, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii yao. Na kifungu hichohicho kinaikumbusha mahakama kwamba si vizuri kumsumbua mtoto kwa kumhamishahamisha. Ningeomba maneno hayo ya mwisho yabandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya ustawi nchini.

Sheria hiyohiyo ya Ndoa ndiyo iliyowaweka maafisa kwenye njia panda kwa miaka. Iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama iliweza kuruhusu hata wa 14. Kisha ikaja Sheria ya Mtoto ikasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Fikiria afisa anayefika kijijini akakuta harusi: bibi harusi ni mtoto kwa sheria moja na mke halali kwa nyingine. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu, ikakubaliana naye mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi ule.

Uingereza ukizisoma sheria zake za watoto kwa mpangilio wa miaka, ni kama unapita kwenye makaburi. Mwaka 1945 Dennis O'Neill, mvulana wa miaka 12 aliyewekwa na halmashauri kwa walezi kwenye shamba la Shropshire, alikufa kwa kipigo na njaa; ikafuata Sheria ya Watoto ya 1948. (Kisa chake ndicho kilichompa Agatha Christie wazo la The Mousetrap, tamthilia iliyochezwa London kwa miongo mingi, na sidhani kama watazamaji wengi wanajua nyuma yake kuna mtoto wa kweli.) Mwaka 1973 akauawa Maria Colwell, mwenye miaka saba, baada ya kutolewa kwa walezi waliompenda na kurudishwa kwa mama yake na baba wa kambo. Ikaja sheria ya 1975.

Halafu mambo yakageuka upande wa pili. Mwaka 1987, katika eneo la Cleveland, watoto 121 walitambuliwa na madaktari kuwa wamenajisiwa katika kipindi cha miezi michache, na wengi wao wakachukuliwa majumbani mwao. Wengi walikuja kurudishwa. Wazazi walisimama nje ya hospitali wakilia. Uchunguzi wa Jaji Elizabeth Butler-Sloss ukachangia Sheria ya Watoto ya 1989, inayoendelea kuongoza kazi hiyo Uingereza na Wales. Ndani yake mna kanuni ninayoiona ya ajabu na ya hekima: mahakama isitoe amri yoyote isipokuwa imeridhika kwamba kutoa amri kutamfaa mtoto kuliko kutotoa. Na amri ya dharura ya kumwondoa mtoto haizidi siku nane, ikaongezwa mara moja tu kwa siku saba. Afisa amepewa ufunguo, na saa inaanza kuhesabu papo hapo.

Kisha Victoria Climbié. Huyu kisa chake kinatugusa sisi wa Afrika kwa namna ya pekee. Alizaliwa Côte d'Ivoire. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake akasomeshwe Ulaya, sawa kabisa na mzazi wa Singida au Kakamega anayempeleka binti kwa jamaa mjini akiamini amemfungulia maisha. Alikufa London Februari 2000, akiwa na miaka minane, mwili ukiwa na majeraha 128. Maafisa ustawi, polisi na madaktari walikuwa wamemuona. Lord Laming aliyechunguza alihesabu nafasi 12 ambazo angeweza kuokolewa. Ripoti yake ya 2003 ilizaa sheria ya 2004. Binafsi, kila nikisikia mtoto "amepelekwa kwa shangazi", huuliza kama kuna aliyekwenda kumsalimia.

Mambo mafupi mafupi. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Mtoto, mtoto hahukumiwi kifungo cha jela kwa kosa lolote. Anayekinzana na sheria anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kuchapa watoto hata nyumbani, mwaka 1979, na taarifa ya sheria hiyo ilichapishwa kwenye paketi za maziwa ili familia ziisome zikinywa chai ya asubuhi. Zanzibar, Sheria ya Watoto ya 2011 ilipata tuzo ya dhahabu ya kimataifa mwaka 2015, iliyotolewa na World Future Council pamoja na UNICEF na Umoja wa Mabunge Duniani. Watoto wenyewe waliulizwa maoni yao wakati wa kuiandaa.

Je, wajua kuwa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 una neno la fikihi ya Kiislamu ndani yake? Ni kafala, katika ibara ya 20. Kuasili kwa sheria za nchi nyingi humkata mtoto na nasaba yake: anapata jina jipya na urithi mpya, kana kwamba alizaliwa nyumba ile. Uislamu haukubali nasaba ibadilishwe, lakini unahimiza sana kumlea yatima. Kafala ndiyo njia: unamchukua, unamlisha, unamsomesha, unampenda, naye anabaki mtoto wa fulani bin fulani. Watu wa pwani wamelea hivyo kwa karne nyingi bila karatasi yoyote. Sheria ya Kenya ya 2022 imeitaja kafala waziwazi, na hivyo afisa wa watoto wa Lamu au Kwale anaweza kuiandika kwenye jalada kama mpango halali wa malezi, badala ya kuilazimisha ikae kwenye safu ya kitu kingine.

Neno linalotangulia sasa katika ukanda wetu ni familia. Kenya imejiwekea mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa jamaa au walezi. Tanzania ina utaratibu wa familia za kuaminika, ambazo humpokea mtoto usiku uleule anapookolewa, mpaka shauri lake lieleweke. Rwanda walezi wa namna hiyo huitwa Malayika Murinzi, na Mswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo. Huko pia kila kijiji kina marafiki wa familia wawili, mwanamke na mwanamume, wanaopita kuangalia nyumba zenye shida.

Nimalizie New Zealand. Katika miaka ya 1980 Wamaori walilalamika kwamba maafisa wa serikali walikuwa wakiwachukua watoto wao na kuwalea mbali na ukoo, bila kuwauliza bibi, wajomba wala mashangazi. Ripoti yao iliitwa Puao-te-Ata-Tu, yaani mapambazuko. Sheria iliyofuata, ya 1989, ikaanzisha kikao cha familia kwa kila mtoto aliye hatarini. Serikali humtafuta kila ndugu anayehusika. Wakishakusanyika, afisa huwaeleza wazi yaliyompata mtoto, kinachoihangaisha ofisi yake, na misaada iliyopo.

Kwa sisi hilo si jipya. Kikao cha ukoo tunakijua, na tumeona hapo juu kinavyoweza kumuumiza mtoto kikikaa gizani. Tofauti ni kwamba hiki kinakaa baada ya kila mmoja kuambiwa ukweli mbele ya wengine, na mpango wake unarudi kwa afisa kukaguliwa. Akiona haumlindi mtoto, suala linakwenda mahakamani. Lakini wakati wa kuamua ukifika, sheria inamtaka afisa huyo, pamoja na polisi na mawakili, atoke nje. Anasubiri ukumbini, na harudi ndani mpaka familia imwite.